Jina Kwenye Pembe ya Bahasha

Glydel Faulan hakumwamini mtu anayekuchekea kabla hajakuuliza jina. Kwa hiyo asubuhi ile, muuguzi mkuu wa Hospitali ya Santa Rufina alipomkaribisha kwa meno yote, akamwita Inday kama binti wa nyumbani, na kumwambia, "Kaa, Inday, usiogope," msichana alikaa kwenye ukingo wa kiti na kuukumbatia mkoba wake. Ulikuwa usaili wake wa sita tangu apate leseni ya uuguzi. Katika zile tano za kwanza wasaili walimnunia, na kote akakosa. Sasa hawa wanacheka, na moyo ukamwambia kwamba hapa pana jambo.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Muuguzi mkuu aliitwa Mam Edna. Kulia kwake alikaa daktari mmoja aliyekuwa akipiga miayo, na kushoto ofisa utumishi aliyeigeuzageuza bahasha ya Glydel bila kuifungua. Glydel alimtazama yule wa bahasha kuliko wengine.

"Mgonjwa wako amechomwa morfini nusu saa iliyopita," Mam Edna alisema. "Sasa anapumua mara nane kwa dakika. Unafanyaje?"

"Namwita kwa jina na kumwamsha, Mam. Namwinua kitanda, nampa oksijeni, nasimamisha dawa, natuma mtu amwite daktari. Naloksoni, ya kuizima morfini, naiweka tayari kabla daktari hajafika. Na simwachi peke yake hata dakika moja."

"Vizuri sana."

Vizuri sana, lakini kalamu ilikuwa mezani na kifuniko chake. Hakuna aliyeandika neno. Glydel aliulizwa maswali manne mengine, akayajibu yote kama mtu anayesoma ukutani, na kalamu haikuguswa. Kisha Mam Edna akaegemea mbele na kumuuliza kwa sauti ya upole mno, "Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na mama tu, Mam. Dada yangu, Manang Marivic, yuko Uingereza, naye ni muuguzi. Baba alifariki mwaka juzi."

Wale watatu wakatazamana. "Na mama anaendeleaje?"

Mama na pumzi za mgonjwa wapi na wapi? Glydel akajibu kwamba mama hajambo. Daktari akaacha kupiga miayo, akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko swali lolote. "Tutakupigia," alisema Mam Edna. Kwetu Iloilo, huku Ufilipino, hiyo ndiyo namna ya kumfukuza mtu bila kumuudhi.

Alipotoka nje hakulia. Alisimama karibu na kibanda cha mlinzi, akavua viatu vyake vyeupe, akavaa malapa, na kuanza kujiuliza ni nani anayemfanyia hivi. Maana kwamba kuna mtu, hilo alikuwa na hakika nalo.

Na hakuwa akiota. Kwetu bahasha ya mwomba kazi haitembei peke yake. Kwenye pembe yake ya juu huandikwa jina la mkubwa anayekubeba: diwani, padri, daktari, au shangazi wa daktari. Wasaili wakiona jina humpigia simu mwenye jina kwanza, ndipo wakaamua. Asiyekuwa na jina pale ni yatima, hata kama ameongoza darasa. Sote tunailaani desturi hii na sote tunaitumia, na anayesema hajaitumia mwulize kazi aliipataje.

Glydel alikuwa na jina. Tena si jina la kuokoteza. Ninang wake, yaani mama yake wa ubatizo, ni Mam Puring Gellada, muuguzi mkuu wa Hospitali ya San Telmo kwa miaka ishirini, aliyewafundisha nusu ya wauguzi wakuu wa mji huu kutandika kitanda. Matokeo ya leseni yalipotoka, mama yake Glydel, Nanay Senda, alizikusanya bahasha zote sita, akawafunga kuku wawili wa kienyeji miguu, na kupanda jipni kutoka Miagao hadi mjini. Glydel alipotaka kufuatana naye alikatazwa.

"Binti hajiombei," Nanay Senda alimwambia. "Niachie mimi. Mimi na Puring tumelala mkeka mmoja."

Tangu ubatizo wa Glydel wale wawili huitana Mare. Bahasha zilirudi zote na jina kwenye pembe. Wenzake darasani walipoliona walimpongeza kana kwamba ameshaajiriwa. Sasa ni miezi minane imepita. Waliompongeza wako wodini wanalalamikia zamu, na yeye bado anapiga pasi sare isiyo na nembo ya hospitali yoyote.

Ikiwa mbebaji ni mzito kiasi hicho na bado mzigo unaanguka, basi kuna anayeuvuta kwa chini. Hivyo ndivyo Glydel alivyowaza, na mshukiwa wa kwanza alikuwa anaishi naye chumba kimoja cha kupanga mjini.

Chona Torrefiel alitoka Tigbauan, na walisoma pamoja miaka minne. Katika miaka hiyo yote Chona hakuwahi kuupata mshipa wa mgonjwa kwa sindano ya kwanza. Aliyekuwa akimtoa aibu ni Glydel. Lakini mjomba wake Chona ni diwani, na Santa Rufina walimchukua kwa usaili mmoja tu. Walimweka ofisi ya uuguzi kubeba mafaili hadi nafasi ya wodini ipatikane. Tangu hapo Glydel alianza kuyaona mambo. Chona huilaza simu yake kifudifudi. Chona hujua tarehe za usaili wa watu. Chona humuuliza "Leo unaenda wapi umependeza hivyo?" kwa sauti tamu kupita kiasi.

Dawa aliyoipata Glydel ni kujificha. Siku za usaili aliviweka viatu vyeupe ndani ya ndoo ya nguo chafu na kutoka chumbani na ndoo mkononi kama mtu anayeenda kufua. Sare aliivalia kwenye choo cha duka la mkate. Wasichana wengine wanne wa chumba kile walikwisha kuanza kuulizana mbona Glydel anafua sana na nguo zake hazianikwi.

Jioni ya siku ile ya Santa Rufina alirudi na ndoo yake. Chona alikuwa amekaa kitandani na bakuli la batchoy, anavuta tambi kwa kelele.

"Umefua?" Chona aliuliza.

"Nimefua."

"Ndoo kavu, shoga. Kama usaili umeenda, sema umeenda. Mimi niko ofisi hiyohiyo. Nilikuona pale benchi umekaa kama mjane."

Glydel akaiweka ndoo chini taratibu. "Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nafanya kazi pale. Ulitaka niwe wapi?"

"Ulitaka uwe wapi unajua mwenyewe. Kila ninapopeleka bahasha unajua. Kila ninapokosa unaninunulia mkate. Mtu hakununulii mkate bure mara tano."

Chona akaacha kijiko. Ni msichana mcheshi, mzito wa hasira, lakini hasira yake ikifika hukaa. "Sema vizuri. Unasema mimi ndiye ninayekuharibia?"

"Mimi sijasema. Wewe umesema."

"Glydel, mimi mwenyewe kazi nimeipata kwa mgongo wa mjomba, na kila siku naogopa watanipeleka wodini niaibike. Unadhani nina muda wa kukuroga? Wewe kichwa chako kinafanya kazi zamu tatu, hakilali. Unajua wenzako wanakuitaje? Mpelelezi. Ukipewa maji unayanusa kwanza."

"Na bado nina kiu."

Wasichana wengine wakacheka, kisha wakaona kwamba si mchezo, wakatoka mmoja mmoja. Chona akasimama. Akaenda kufunga mlango, akarudi, na safari hii hakukaa kitandani kwake. Alikaa kwa Glydel.

"Nikikwambia kitu na kikajulikana kimetoka kwangu, nafukuzwa."

"Sema."

"Jana nilitumwa kupeleka mafaili kwa Mam Edna. Bahasha yako ilikuwa juu. Akaliona jina la Ninang wako, akapiga simu papo hapo, mimi nimesimama. Nilisikia upande wake tu. Ndiyo, Mam Puring. Ndiyo, Mam. Naelewa, Mam. Masikini mama wa watu. Akakata simu, akaniambia usaili ukiisha bahasha yako niitie droo ya chini."

"Droo ya chini kuna nini?"

"Za wasioitwa. Sisi tunaiita makaburini." Chona alimshika mkono. "Usaili wako uliisha jana, Glydel, kabla hujavaa viatu. Leo walikuwa wanakuonea huruma tu. Aliyekufunga ni Ninang wako, na mimi ungeniomba radhi kama ungekuwa na adabu."

Glydel alimwomba radhi. Alimwomba mara mbili, na mara ya pili ndiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu ya kwanza alikuwa bado anajiuliza kama Chona anadanganya.

Usiku mzima aliigeuza habari ile kichwani. Ninang ana binti wa kaka yake anayesomea uuguzi. Huenda anamwekea nafasi. Au mama alimkosea jambo zamani. Au kuku walikuwa wadogo. Kila aliposhika jibu moja lilimponyoka, na asubuhi alipanda jipni kwenda San Telmo akiwa na hasira ya kumtosha mtu mzima.

Ninang Puring alikuwa ofisini kwake anakula ndizi za kuchemsha. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na wauguzi humkwepa korido nzima. Glydel aliuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso kama inavyompasa mtoto wa ubatizo, ingawa siku hiyo alitamani kuuuma.

"Mungu akubariki. Mbona umekonda?"

"Ninang, wale kuku mliwala?"

"Kuku gani?"

"Aliokuletea mama."

"Tuliwala. Walikuwa wagumu, Mungu anisamehe." Ninang alimtazama juu ya miwani. "Umekuja kuwadai?"

"Nimekuja kuuliza kwa nini unanifunga. Wanakupigia, na wewe unawaambia wasinichukue. Hospitali sita. Nimekukosea nini?"

Ninang alilirudisha ganda la ndizi kwenye sahani. Hakuuliza nani amesema. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare, akaivaa tena, na Glydel akafikiri, anatafuta uongo.

"Miaka ishirini nimekaa kwenye kiti hiki," alisema Ninang. "Wameniletea kuku, mbuzi, hata nguruwe aliyechomwa mzima. Wote wimbo mmoja: Mam, mchukue mwanangu. Mama yako ndiye mtu wa kwanza kukaa hapo ulipokaa wewe na kuniambia, Mare, mzuie."

"Uongo."

"Umesema nini, Inday?"

"Samahani, Ninang." Lakini uso wake haukuomba samahani.

"Alilia mpaka nikafunga mlango. Akasema, huyu akipata kazi, akakaa wodini miaka miwili, ana cheti cha kwenda ng'ambo kama dada yake. Asipopata, atakaa. Nikamwambia, Mare Senda, hii ni dhambi. Akasema dhambi ataibeba yeye. Ndipo nikaandika jina langu kwenye zile bahasha, ili wanipigie mimi kabla ya kukuchukua, nami niwaambie mama yako hana mwingine wa kumwangalia."

Kwa miezi minane Glydel alimshuku kila mtu, hata mlinzi, hata mwuza mkate. Mama hakuwa kwenye orodha.

"Na mimi?" alisema mwishowe. "Nilipomwagiwa maji ya ubatizo ulinishika wewe. Sikustahili hata kuulizwa?"

"Ulistahili," alisema Ninang, na kwa mara ya kwanza aliangalia pembeni. "Lakini mare wako akikuomba kwa machozi humwambii hapana. Nimekosa, na nimekosa kwa miezi minane, kila simu ikilia. Sasa sikiliza. Nina nafasi moja, wodi ya wanaume. Nakutaka wewe, maana natafuta mtu anayejua kupata mshipa na sina. Lakini neno hili nilimpa mama yako uso kwa uso. Atalifuta yeye mwenyewe, uso kwa uso. Jumatatu, saa nne asubuhi, jina linapelekwa juu. Asipokuja, litakwenda la mwingine."

"Ninang, hawezi kuja. Wewe unamjua."

"Namjua. Ndiyo maana nimekwambia leo Ijumaa."

Njiani kwenda Miagao, Glydel aliyakumbuka mambo ya mama yake moja baada ya jingine, na kila moja sasa lilikuwa na sura nyingine. Kabla ya kila usaili Nanay Senda alisali novena, siku tisa kamili, kwa mshumaa. Alikuwa akiomba nini? Baada ya kila usaili alipiga simu kumliwaza, na sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha, na binti akamwona shujaa. Aliposema "Mungu ana mpango wake," ni mpango wa nani aliokuwa akiusema?

Nanay Senda alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia, chini ya nyumba. Hufuma vitambaa vya hablon, vile vyekundu vyenye mistari ya dhahabu, na kwa vitambaa hivyo amesomesha mabinti wawili. Glydel hakumsalimu.

"Nay, ile novena ulikuwa unaomba nini?"

Mtambo ukasimama. Nanay Senda hakugeuka. "Puring," alisema. "Puring hajui kufunga mdomo tangu tukiwa darasa la tatu."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Umekula?"

"Nay, nimekuuliza."

"Na mimi nimekuuliza." Ndipo akageuka, na Glydel akaona kwamba mama yake hakuwa na haya wala hofu; alikuwa na hasira. "Picha za pasipoti ulipiga lini?"

Glydel akaukumbatia mkoba wake.

"Nilizikuta ndani ya kitabu chako cha dawa, hata matokeo hayajatoka. Pazia jeupe nyuma, umetabasamu. Ukaniambia, Nay, mimi nitakaa Miagao, mimi siyo kama Manang Marivic. Ulinitazama machoni ukasema hivyo. Nani alianza kumficha mwenzake?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungeniambia?"

Wote wawili walijua jibu. Watu wa nyumba ile walikuwa hodari wa kupekua kuliko kuuliza, na Glydel hakuutoa wasiwasi wake mbali.

Nanay Senda akakaa tena kwenye ubao wa mtambo, lakini mikono haikufanya kazi. "Nimesomesha manesi wawili," alisema. "Wawili, kwa mikono hii. Baba yenu alipoanguka pale mlangoni, mdomo umekwenda upande, manesi walikuwa wapi? Mmoja Uingereza anamgeuza mzee wa watu kitandani. Mwingine mjini, mazoezini. Baba yenu amekufa mikononi mwa Ising, mwuza samaki, na Ising alikuwa anampepea kwa kifuniko cha beseni kwa sababu hajui kitu kingine cha kufanya. Na mazishini Marivic alikuwa ndani ya simu. Simu nimeiegemeza mimi kwenye maua. Ikaanguka, nikaiegemeza tena."

Glydel alilia pale. Alilia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya ile miezi minane, na bado alikuwa na hasira. Vyote vitatu vilikaa pamoja na hakuna kilichompisha mwenzake. Alipoweza kusema, aliieleza ile habari ya Jumatatu, saa nne, na sharti la Ninang.

"Basi siendi," alisema Nanay Senda, akaushika mtambo.

Jumamosi hawakusemezana. Jumapili walikaa benchi moja kanisani na kupeana amani kwa vidole viwili. Nanay Senda alipika supu ya samaki yenye majani ya mlonge, akampakulia binti yake kichwa cha samaki, kipande cha mheshimiwa, na Glydel alikila akijiuliza anahongwa au anaagwa.

Jumatatu alipoamka nyumba ilikuwa tupu. Mama hakuwa kwenye mtambo wala jikoni, na nguo yake nyeusi ya mazishi haikuwa kabatini. Jirani alisema alimwona kituoni alfajiri, peke yake, na alipomsalimu hakuitikia. Glydel aliona kila kitu mara moja: mama amekwenda mjini kwa Ninang kulikazia lile neno, ili mlango ufungwe moja kwa moja. Alivaa sare mbio, akasahau hata kuchana nywele, na njia nzima hadi mjini alikuwa akitayarisha maneno ambayo mtu akimwambia mama yake hayarudi tena.

Alifika San Telmo saa nne kasoro dakika kumi. Nanay Senda alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

"Umechelewa," alimwambia binti yake. "Nimekusubiri tangu saa moja. Singeweza kuingia bila wewe."

Glydel akazichana nywele kwa vidole. Wakaingia pamoja.

Ninang Puring alikuwa na fomu mbili mezani, na kalamu yake ilikuwa wazi. "Mare," alisema. "Umekuja kufuta au umekuja kukazia?"

"Bado sijajua," alisema Nanay Senda. "Kwanza na mimi nina swali. Kila mtu amemsaili mtoto huyu isipokuwa mimi." Akageukia Glydel, na macho yake yalikuwa makavu na makali, macho ya mtu anayepima samaki kama ni wa leo. "Ukipewa kazi hii, utakaa miaka mingapi?"

Kumi, Glydel alitaka kusema. Ilikuwa rahisi. Neno moja, na mama angelia, Ninang angeandika, na huko mbele Mungu angejua. Alimtazama mama yake na akaona kwamba hilo kumi mama analisubiri, amekwisha kulinyooshea mikono, na halitaki.

"Miwili, Nay," alisema. "Sina zaidi. Miwili, kisha naenda."

Ninang alitazama kalamu yake. Nanay Senda alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolijua tangu jana na juzi.

"Ungesema kumi ningerudi nyumbani na neno langu," alisema. "Lifute, Mare. Mchukue."

Ninang hakungoja aambiwe mara ya pili. Aliivuta fomu ya Glydel na kuichana ile nyingine. Lakini Nanay Senda hakuinuka.

"Nina ombi jingine."

"Mare, kwa jina la Bwana."

"Asipangiwe zamu Jumapili."

"Nesi mpya ndiye anayebebeshwa Jumapili zote," alisema Ninang. "Wagonjwa hawaendi kanisani."

"Najua. Ningekuwa sijui nisingeomba."

"Moja kwa mwezi. Hiyo naweza."

"Tatu."

"Tatu nitapinduliwa na wauguzi wangu. Mbili, na usimwambie mtu."

"Mbili," alisema Nanay Senda. Akafungua vidole vya mkono wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, midomo inacheza bila sauti, miezi ya mwaka wa kwanza, kisha miezi ya mwaka wa pili. Hakuna aliyemkatiza. Glydel alisimama karibu na meza, na kwa mara ya kwanza tangu apate leseni hakuwa akimshuku mtu yeyote, na iliuma kuliko kushuku.

"Arobaini na nane," alisema mama yake alipomaliza. "Marivic kwa miaka tisa hajanipa hata sita. Tia sahihi, Inday, Ninang wako ana kazi."

Glydel akaichukua kalamu na kutia sahihi. Herufi zilitoka zimepinda, na alishindwa kuinua uso kumtazama mama yake.